Tuliuziwa bima ya maisha kwa jina la unafuu wa kodi, faini tukalipa sisi

Ndugu wana jukwaa, nafungua uzi huu nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Nina kampuni ndogo ya usafi hapa Columbus, Ohio, yenye wafanyakazi saba. Mwaka 2014 wakala wa bima, Mswahili mwenzetu, aliniletea mpango wa mfuko wa mafao: kampuni ingechangia mfuko, mfuko ungelipia bima yangu ya maisha, michango yote ingehesabiwa kuwa gharama ya biashara isiyotozwa kodi, na baada ya miaka kadhaa ningeichukua bima hiyo pamoja na akiba iliyolimbikizwa ndani yake. Nilimuuliza mara mbili kama jambo hilo ni halali, na mara zote mbili aliniapia.

Hakuniambia kwamba tangu Oktoba 2007, kwa tangazo namba 2007-83, mamlaka ya kodi ilikwisha kuiweka mipango ya namna hiyo kwenye orodha ya miamala ya kukwepa kodi, na kwamba kila mshiriki alipaswa kujitaja mwenyewe kwa fomu 8886. Mwaka 2019 nililipa kodi yote iliyokuwa imepunguzwa, nikalipa riba, kisha nikalipa faini ya peke yake kwa ajili ya fomu ambayo sikuwahi hata kuisikia. Faini hiyo ni asilimia 75 ya kodi iliyopunguzwa, na kwa kampuni haishuki chini ya dola 10,000 hata kodi yenyewe ikiwa ndogo. Kamisheni ya wakala ilikuwa imeshaliwa zamani.

Kinachonichoma zaidi kilitokea Machi 2022. Mahakama ya rufaa ya shirikisho ambayo Ohio iko chini yake ililibatilisha tangazo lile katika kesi ya Mann Construction, kampuni ya Michigan, kwa kuwa lilitolewa bila wananchi kupewa nafasi ya kutoa maoni kama sheria inavyotaka. Mahakama haikusema kwamba michango ile ilistahili kupunguza kodi, na mtu yeyote asiwadanganye kwa hilo, lakini faini ya fomu ilikosa msingi. Mimi nilikuwa nimechelewa, kwani dai la kurejeshewa faini huwasilishwa ndani ya miaka miwili tangu kulipa, na mhasibu wangu hakunishauri niliwasilishe mapema kulinda haki yangu.

Wakati wote huo palikuwa na njia nyoofu: bima ya maisha ya kikundi isiyo na akiba ndani yake, ambayo mwajiri huikata kwenye mapato yake, na mfanyakazi hatozwi kodi kwa kinga isiyozidi dola 50,000, mradi mnufaika asiwe kampuni yenyewe. Wafanyakazi wangu saba hawakuwahi kuwa na hata hiyo. Najua wakala huyo husoma hapa, na namtaka ajibu hapa hapa kwa nini hakunionyesha.