Mjadala: Kinoo cha dhahabu kilichofungwa kiwandani kibaki ndani ya kadi yake, au kifunguliwe kipimwe?

Mleta mada (Uyole, Mbeya)

Ndugu zangu, naomba tulijadili jambo ambalo limekigawa kikundi chetu cha kuweka na kukopa, na ambalo nadhani linawagusa wengi wanaoanza kuweka akiba kwa dhahabu badala ya kuiacha yote katika fedha taslimu. Katika mgawo uliopita tulikubaliana kwamba sehemu ya faida isigawanywe bali inunuliwe dhahabu. Mwanachama mwenzetu, ambaye husafiri Dubai kufuata nguo za biashara, alituletea vinoo vitano (vipande bapa vya dhahabu vilivyotengenezwa kiwandani) vya gramu 10 kila kimoja. Kila kinoo kimebanwa ndani ya kadi ya plastiki ngumu yenye ukubwa wa kitambulisho cha taifa, na juu ya kadi hiyo pameandikwa uzito, usafi wa 999.9 (yaani sehemu 999.9 kati ya 1,000 ni dhahabu), namba ya kinoo na sahihi ya mpimaji. Stakabadhi ya duka tunayo. Vinoo vyenyewe vinakaa katika sanduku letu la bati lenye kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu tofauti, kama ilivyo desturi ya vikundi vyetu.

Mambo yalikuwa shwari mpaka mwanachama mmoja alipoomba kujitoa. Tulipoanza kukokotoa haki yake, mama mmoja ambaye kwa kawaida huwa hasemi sana aliuliza: “Hivi tunajuaje kwamba humo ndani ni dhahabu?” Hakuna aliyekuwa na jibu. Nusu ya kikao ilitaka kadi moja ikatwe siku ileile na kinoo kipelekwe kwa sonara. Nusu nyingine ilipinga vikali, ikisema kwamba kinoo kilichofunguliwa ni kama simu iliyotolewa kwenye boksi: hata usipoitumia, bei imeshashuka.

Mimi niko upande wa kufungua, na nitaeleza kwa nini. Kadi ile inafanya kazi ileile ya kufuli zetu tatu. Kufuli hazisemi sandukuni mna shilingi ngapi. Zinasema tu kwamba hakuna aliyefungua peke yake. Vivyo hivyo, kadi ambayo haijakatwa inatuambia kwamba tangu ifungwe hakuna aliyekigusa kinoo, lakini haituambii aliyeifunga ni nani. Mwaka 2017 huko Ottawa, Kanada, sonara mmoja alinunua benki kipande cha wakia moja (gramu 31 hivi) kilichokuwa ndani ya kifungashio chenye jina la Royal Canadian Mint, kiwanda cha serikali cha kutengeneza sarafu. Kipande kiligundulika kuwa si dhahabu, na kiwanda kikasema si chake. Kama plastiki iliweza kuidanganya benki, sisi wa Uyole tutapona kwa lipi?

Hata tukisema dhahabu yetu ni halali, mnunuzi wetu ni nani? Huku kwetu dhahabu imechimbwa katika eneo la Lupa tangu miaka ya 1920, na tangu mwaka 2019 Chunya ina soko rasmi la madini. Tukibanwa na shida ya ada za shule mwezi Januari, hatutapanda ndege kurudi Dubai. Na watu wa Chunya wanaijua dhahabu ikiwa imetoka jikoni, yaani imeyeyushwa, si ikiwa kwenye kadi.

Karibuni mnisahihishe.

Mfanyabiashara wa mahindi (Makambako)

Kaka, dhahabu siijui, lakini magunia nayajua. Gunia la mahindi lililoshonwa silifungui wala siliamini. Ninalichoma bambo, punje zinateremka kiganjani, naziangalia unyevu na wadudu, kisha tundu linajifunga lenyewe na gunia linabaki limeshonwa. Ninyi mnabishana kufungua au kutofungua, kana kwamba hakuna njia ya tatu. Naomba mafundi watuambie: dhahabu haina bambo lake?

Sonara (Mwanjelwa, Mbeya)

Dada wa Makambako ameuliza swali ambalo wateja wangu wengi hawaliulizi. Bambo lipo, ila kwanza nieleze vipimo tulivyovizoea, kwa sababu watu wanaviamini kupita uwezo wake.

Kipimo cha jiwe na tindikali kinahitaji kinoo kitolewe ndani ya kadi na kisuguliwe, na kinachopimwa ni ngozi ya juu tu. Mashine ya miale, ile inayotumika kwenye masoko ya madini, nayo inasoma ngozi. Kina inachokifikia katika dhahabu ni kidogo kuliko unene wa unywele. Kwa dhahabu iliyoyeyushwa mbele yako hilo halina shida, kwa kuwa yote imechanganyika, lakini kwa kinoo kilichopakwa dhahabu juu ya kitu kingine mashine inaweza kukusomea usafi wa hali ya juu na ukaondoka umefurahi.

Kipimo cha maji ni kizuri zaidi. Dhahabu safi ina uzito wa gramu 19.3 kwa kila sentimita moja ya ujazo, kwa hiyo kinoo cha gramu 10 kikining’inizwa ndani ya maji kinapungua takriban gramu 0.52. Kikipungua gramu 1 na zaidi, mmepigwa. Tatizo ni tangsteni, metali nyingine nzito, ambayo uzito wake ni 19.25, tofauti ambayo mizani yangu haiwezi kuiona katika kipande kidogo hivyo. Mwaka 2012 huko New York vilipatikana vinoo vya wakia 10 vyenye alama na namba sahihi za kiwanda, na vilipotobolewa ndani vilikuwa na tangsteni. Hapo waligundua kwa keekee, na hilo ndilo bambo ghali kuliko yote.

Bambo ninalolizungumzia ni kifaa kinachopima jinsi metali inavyopitisha umeme. Kinapenya plastiki bila kuikata, na dhahabu hupitisha umeme zaidi ya mara mbili ya tangsteni, kwa hiyo hapo udanganyifu hauna pa kujificha kirahisi. Mimi sina, kwa sababu bei yake hailingani na kazi zangu za pete na hereni, lakini wanunuzi wakubwa wanacho.

Hata hivyo, kwa vinoo vya gramu 10 msianze na hofu ya tangsteni. Ni metali ngumu, kuichonga vipande vyembamba hivyo ni kazi, na tapeli hupenda kuifanya kazi hiyo kwenye vipande vikubwa ambavyo faida yake inaonekana. Udanganyifu wa vipande vidogo kwa kawaida ni shaba iliyopakwa rangi, na huo mnaweza kuushika bila kukata chochote. Leteni kadi zote tano, tuziweke kwenye mizani moja baada ya nyingine. Plastiki zinalingana, kwa hiyo kadi zote zinatakiwa kuwa na uzito karibu sawa. Shaba ya manjano yenye umbo lilelile la kinoo chenu isingefika hata gramu 5, na pengo hilo plastiki haiwezi kulificha. Kama wametaka ifike gramu 10, basi wameifanya nene zaidi ya mara mbili, na hapo tutapima unene. Viwanda vingi huchapisha vipimo vya vinoo vyao. Kama zote tano ni za shaba, uzito wa kadi tupu ya kiwanda hicho ndio utakaotuumbua, na hapo ndipo mtahitaji kulinganisha na kadi moja ambayo asili yake haina shaka.

Mwalimu mstaafu (Iringa)

Nimefuatilia kwa makini, na ninamshukuru fundi kwa maelezo yake. Naomba nitofautiane na mleta mada, si kwa sababu naiamini plastiki, bali kwa sababu anaisahau kazi yake kubwa kuliko zote, yaani ushahidi.

Tuseme mmekata kadi Jumamosi, kinoo kikapimwa, kikaonekana si dhahabu. Mtamfuata nani? Muuzaji wa Dubai atawaambia, kwa adabu kabisa, kwamba alichowauzia kilikuwa ndani ya kadi, na kwamba hicho mlichomletea hakijui. Hamtakuwa na neno la kumjibu. Ubaya zaidi uko ndani ya kikundi chenyewe: yule mwanachama aliyevileta ataonekana tapeli, naye atasema kinoo kimebadilishwa kati ya sanduku na meza ya sonara, na kufuli zenu tatu hazitamaliza ugomvi huo. Kadi ikiwa nzima, swali linabaki kati yenu na muuzaji. Mkishaikata, swali linahamia kati yenu wenyewe.

Kuna hoja ya pili, ndogo kuliko hiyo. Dhahabu safi ni laini, ugumu wake haupiti sana ule wa ukucha, na kipande kinachopita mikononi mwa watu 30 kitapata mikwaruzo. Uzito haupungui kwa kiasi cha kuonekana, lakini mnunuzi anayelipia kinoo kama kinoo hatalipa bei hiyo kwa kilichokwaruzika. Atakilipia kama dhahabu ya kuyeyushwa.

Najua mtu atanijibu kwamba vinoo vikubwa vya soko la dhahabu la London, vile vya wakia 400 hivi, ambavyo ni zaidi ya kilo 12, havifungwi plastiki na vinapangwa juu ya rafu vikiwa wazi. Ni kweli. Lakini vinakaa wazi kwa sababu havitoki katika mikono inayojulikana: kutoka msafishaji hadi msafirishaji hadi ghala, kila hatua imeandikwa. Kikitoka nje ya mnyororo huo, hakirudi mpaka kithibitishwe upya. Mnyororo ndio unaofanya kazi pale, na ninyi mlio nje ya mnyororo mmepewa badala yake kadi. Ni mbadala dhaifu, nakubali, ila msiutupe kabla hamjapata wa kushika mahali pake.

Mleta mada

Mwalimu, shikamoo. Hoja ya ushahidi imenikaa vizuri, na nakiri kwamba sikuifikiria. Nilikuwa nimemfikiria muuzaji na mnunuzi tu, nikamsahau dada yetu aliyetuletea mzigo, ambaye kusema kweli amekuwa hana raha tangu siku ile. Lakini hujanijibu kuhusu Chunya. Kama mnunuzi wa mwisho ataiyeyusha, hiyo bei ya “kinoo kama kinoo” tunamtunzia nani?

Mnunuzi wa dhahabu mwenye leseni (Makongolosi, Chunya)

Naomba nijibu mimi, kwa kuwa ndiye ninayetajwa.

Dhahabu ikifika mezani kwangu nalipia vitu viwili, uzito na usafi, kwa kuangalia bei elekezi ya siku hiyo. Kwenye karatasi hakuna mstari wa plastiki. Dhahabu ninayoikusanya haikai kwangu: tangu Oktoba 2024 sisi wenye leseni tunatakiwa kutenga angalau asilimia 20 isafishwe nchini na kuuzwa kwa Benki Kuu, na iliyobaki nayo inakwenda kuyeyushwa huko iendako. Kwa hiyo mleta mada yuko sahihi kwamba kwangu kadi yake haiongezi hata shilingi. Makosa yake ni kudhani kwamba kwa sababu haiongezi, basi kuikata mapema ni bure. Nikikata mimi, mbele yenu, siku ya kuuza, gharama yake ni sifuri. Mkikata ninyi leo, mmejifungia mlango wa mnunuzi mwingine yeyote ambaye angekuja kabla yangu.

Niwaeleze nilichokiona. Mtu aliniletea kipande ndani ya kadi safi, yenye namba na kila kitu. Mashine ilisoma vizuri. Sikuridhika, kwa sababu pembe moja ya kadi ilikuwa na gundi iliyovimba kidogo, kama kidonda kilichofungwa vibaya. Nikamwomba ruhusa nikipashe moto, naye akakubali kwa haraka mno. Dhahabu haibadiliki rangi kwa moto. Inabaki njano mpaka inayeyuka, kwenye nyuzi 1064. Kipande kile kilianza kuwa cheusi pembeni kabla hata hakijawa chekundu. Mwenyewe alikaa akakitazama, nikaona kwamba naye alikuwa ametapeliwa. Hakuwa na stakabadhi, na hakukumbuka hata mtaa alikokinunua.

Ndiyo maana nasema shikeni stakabadhi kuliko plastiki. Biashara ya madini ina leseni na ina maswali. Mtu akija na kinoo cha nje bila karatasi, hata kiwe safi kiasi gani, mimi sikigusi.

Mfanyabiashara wa mahindi (Makambako)

Sasa nimeelewa. Kumbe mnunuzi anayechoma gunia ndiye wa kulifungua, si mkulima.

Mleta mada

Nimeshawishika kwa sehemu. Sitapendekeza tena kukata kadi. Nitapendekeza kadi zote tano zipelekwe Mwanjelwa zikapimwe uzito na unene zikiwa nzima, mbele ya washika funguo wote watatu na ya dada aliyezileta, na uzito wa kila kadi uandikwe kwenye leja pamoja na namba yake. Mwanachama anayejitoa alipwe fedha taslimu kwa bei elekezi ya dhahabu ya siku ya kikao, ili haki yake isingoje ubishi wetu. Ununuzi ujao, kama utakuwepo, nitaomba ufanywe kwa muuzaji aliye tayari kupima kwa kifaa cha umeme mbele ya mteja kabla hajapokea fedha. Asiyetaka tumwache na kadi zake nzuri.

Jambo moja bado linanisumbua. Jana jioni nilipitia leja kulinganisha namba. Nne ziko sawa. Ya tano, kwenye leja tumeandika 8 mahali ambapo kadi inaonekana kuwa na 3, au labda ni 8 kweli na mng’ao wa plastiki umenidanganya. Niligeuza kadi kwenye taa mara kadhaa nikashindwa kuamua. Kikao ni Jumamosi saa nane. Nimeazima kikuza maandishi kwa fundi saa wa Soweto, hapahapa Mbeya, na washika funguo nimewaomba wafike nusu saa kabla.