Programu za kulipia za kugeuza video: tunanunua nini hasa?

Hoja iliyo mezani ni kama programu ya kulipia ya kugeuza video (kuitoa aina moja ya faili kwenda nyingine) inastahili bei yake. Mimi nasema kwa walio wengi haistahili, na anayepinga namwomba anijibu kwa hoja za kiufundi, si kwa maneno ya matangazo.

Tuanze na kilichomo ndani. FFmpeg, programu ya kugeuza video kwa amri za kuandika, iliyoanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2000, ndiyo inayobeba kazi katika programu nyingi za aina hii, za bure na za kulipia. Yenyewe haiuzwi. HandBrake, programu nyingine ya kugeuza video, iliyoanza 2003, pia ni ya bure. Kwa hiyo mara nyingi unacholipia ni sura tu: vitufe vikubwa na orodha ya simu za kuchagua. Sura nzuri ina thamani yake, sikatai. Ila muuzaji hakwambii hivyo. Anakuahidi kasi maradufu "bila kupoteza ubora", na hapo ndipo anaponiudhi.

Chukua kisa kinachowapata wengi: una faili la MKV, televisheni inalikataa. Ndani mara nyingi mna video ya H.264 (namna ya kubana video) ambayo televisheni hiyo hiyo inaielewa vizuri kabisa. Kinachoisumbua ni kasha, yaani aina ya faili, kama MKV au MP4, inayobeba video na sauti pamoja. Andika kwenye dirisha la amri la kompyuta:

ffmpeg -i filamu.mkv -c copy filamu.mp4

Amri hiyo haigusi picha hata chembe. Inahamisha video na sauti jinsi zilivyo, na kwa kuwa hakuna kinachosimbwa (kubanwa) upya, filamu nzima inakwisha upesi mno. (Baadhi ya maandishi ya tafsiri hayakubaliki ndani ya MP4, hayo utayashughulikia kando.) Huko ndiko kutopoteza ubora. Ukibadilisha kodeki, yaani hiyo namna ya kubana video, tuseme H.264 kwenda H.265, kwa mipangilio ya kawaida lazima kitu kipotee, ulipe usilipe.

Na kasi? Inatoka kwenye kadi au chipu ya picha uliyokwisha kuinunua. HandBrake inatumia NVENC ya Nvidia na Quick Sync ya Intel, visimbaji vilivyomo ndani ya chipu hizo, bila malipo. Tena usimbaji wa namna hiyo, kwa ukubwa uleule wa faili, kwa kawaida hutoa picha hafifu kuliko x265, programu ya kusimba H.265 kwa prosesa, iliyoachwa ifanye kazi taratibu. Hilo tangazo halilisemi.

Wapo wanaosema cha bure ni hatari, na wana ushahidi: Mei 2017 seva mojawapo ya kupakulia HandBrake ilivamiwa, toleo la Mac likabadilishwa na kuwekwa programu hasidi ya Proton. Ni kweli, na ni jambo zito. Lakini wahusika walitangaza wenyewe na kueleza namna ya kuhakiki faili. Linganisha na mtu anayeshindwa bei ya leseni, akaenda kutafuta toleo lililodukuliwa. Huyo anajiweka pabaya zaidi.

Anayeishi kwa kazi ya video, anayehitaji mtu wa kumpigia simu mambo yakikwama usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi kazi, alipe, pesa yake haipotei. Wengine wote, nitajieni kazi moja ya kugeuza video ambayo programu yenu ya kulipia inaifanya na FFmpeg na HandBrake haziwezi. Wekeni na mipangilio mliyotumia, tuijaribu pande zote mbili.