Kabla sijalipia apu ya kutafuta mchumba, niangalie nini?

Kisimati: Wakuu habari. Nimejiunga bure kwenye apu moja ya wachumba, sasa kila saa inaniletea notifikesheni eti kuna mtu kanipenda, nikifungua picha ina ukungu tupu, lipia kwanza ndo umwone. Nilipie au ni changa la macho?

Bint_Ally: Usiharakishe ndugu yangu. Marekani mwaka 2019 tume ya biashara ya serikali, FTC, iliwashtaki Match Group, kampuni yenye apu za wachumba, ikidai walituma matangazo ya "umependwa" yaliyotoka kwenye akaunti ambazo wenyewe walishazishuku kuwa za matapeli ili watu walipie. Kwa hiyo hako kaukungu mi sikaamini kabisa.

Mzee Wa Risiti: Soma pale kwenye maandishi madogo kama mkataba unajiongeza muda wenyewe, maana nyingi zinajiongeza, na kufuta apu kwenye simu hakusimamishi malipo, lazima uingie kwenye akaunti uliyolipia usitishe huko halafu upige skrinishoti. Nchi za Umoja wa Ulaya una siku 14 za kughairi mkataba wa mtandaoni, ila ukiruhusu huduma ianze hapohapo unaweza kukatwa kwa ulichotumia. Chukua mwezi mmoja tu, achana na ofa ya mwaka.

Kisimati: Shukrani. Na huyo mtu akiniomba hela?

Bint_Ally: Blok 😂

Mzee Wa Risiti: Na umripoti. Kama hela ulishatuma, pigia benki simu fasta.