Tupeane uzoefu: ulilea mtoto wa wenyewe kwa ngapi, na karani alipokuja ukaitwa nani?

MamaWawili_Kondele: Leo asubuhi karani wa takwimu amebisha kwetu, tableti mkononi, anauliza nani humu ndani alifanya kazi ya malipo siku saba zilizopita, hata kama ni saa moja tu. Nimemjibu haraka aende zake, lakini swali limenirudisha 2019, ile sensa ya Agosti. Nilikuwa yaya Milimani, hapa hapa Kisumu. Mapacha wa miezi minne. Elfu nne kwa mwezi, na ukivunja kikombe unakatwa. Karani ameketi sebuleni, mimi nimesimama mlangoni, pacha mmoja mgongoni, mwingine begani anacheua. Akauliza, "Na huyu dada?" Mama mwenye nyumba akasema, "Huyo ni mtoto wa shangazi, ametutembelea tu." Kuwatembelea miezi kumi na minne! Karani akanitazama, akamtazama mtoto, akaandika. Kazi: hana. Nilirudi jikoni nikakuta maziwa yamefurika yakamwagika, na hayo pia nikakatwa. Nani mwingine alikuwa mtoto wa shangazi?

Wa_Lurambi: Mimi nilikuwa "msichana wa kanisani kwetu".

Teacher_Section58: Na waajiri tuseme kidogo. Namlipa dada elfu saba, anakula, analala, sabuni yangu. Mshahara wangu wenyewe mnaujua?

Omera_Nyalenda: Mwalimu, pole, lakini sheria haiulizi mshahara wako. Yaya yuko kundi moja na mfagiaji, mtunza bustani na mlinzi wa mchana. Mwaka 2022 kima cha chini kwa jiji kama Kisumu kilikuwa 15,201.65, na 2024 kikaongezwa asilimia 6, kikawa 16,113.75. Hapo marupurupu ya nyumba hayamo.

Teacher_Section58: Basi njoo wewe unilipie. Ama niache kazi nikae na mtoto.

Omera_Nyalenda: Ukikaa naye ndio utajua kama ile ni kazi.

Wa_Lurambi: 🔥🔥

Nyakwar_Minnesota: Huku nafanya deikea, kituo cha kulea watoto mchana. Takwimu za serikali ya Marekani za Mei 2024 zilisema mlezi wa watoto aliye katikati, yaani nusu wako juu yake na nusu chini, anapata dola 15.41 kwa saa. Msikimbilie kuzidisha kwa shilingi, kodi ya nyumba huku ni kilio. Na ile hesabu huulizwa kampuni na vituo. Anayelea ndani ya nyumba ya mtu hayumo. Kwa hiyo mtoto wa shangazi yupo hata huku.

Deikea_Kaptembwa: Mimi nilikuwa na deikea hapa Nakuru, chumba kimoja, watoto kumi na mmoja, shilingi hamsini kwa siku. Jumanne moja mama akaniachia msichana wa miezi tisa na chupa ya uji. Jioni hakuja. Simu imezimwa. Nikamlaza na wangu. Jumatano, kimya. Alhamisi nikaenda kwa mzee wa mtaa, tukaenda kwa chifu, chifu akasema ngoja kidogo. Mume wangu akaanza kununa, maziwa si ya bure. Siku ya kumi na tisa saa moja usiku nikasikia hodi... ngojeni, kuna mteja dukani.

Wa_Lurambi: Wacha!! Mteja gani tena?

Omera_Nyalenda: Huyu mama anatutesa.

Kijana_Rhonda: Ushauri kwa mayaya: omba nyongeza kabla mtoto hajaanza kutembea. Akishatembea, wanakumbuka nyanya yake yuko kijijini.

Mama_Kanduyi: Usimsikilize. Jiunge na KUDHEIHA, kile chama cha wafanyakazi, wanachukua wafanyakazi wa nyumbani.

Kijana_Rhonda: Ujiunge, na Jumapili yenyewe hupewi ruhusa ya kutoka?

Deikea_Kaptembwa: Nimerudi. Ile hodi ilikuwa yake, mama wa mtoto. Alianguka kazini, akalazwa, simu ikaibwa wodini. Miguu imevimba. Akanipa unga kilo mbili na noti zimekunjwa kwa leso. Nikahesabu: 950. Hamsini mara kumi na tisa. Usiku hakuuhesabu, nami sikuutaja. Nilizichukua, watoto wangu walikuwa hawajala.

Mama_Kanduyi: Uuuwi.

Teacher_Section58: Hata mimi nimelia, na bado hamjanijibu.

Omera_Nyalenda: MamaWawili, umenyamaza. Wewe sasa una yaya?

MamaWawili_Kondele: Ninaye. Elfu sita. Karani nimemwambia ni mdogo wangu. Msinitukane.

Omera_Nyalenda: 😳

Kijana_Rhonda: Mkimbilie, hajafika mbali.

Wa_Lurambi: Tuacheni kwanza. Yule mtoto wa Kaptembwa siku hizi yuko wapi?

Deikea_Kaptembwa: PP2, chekechea. Hagusi uji.