Hotuba ya Madiba mnaikata katikati halafu mnarudisha magitaa???

Wakuu habari zenu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Tarehe 18 Julai, siku ya kuzaliwa Mzee Mandela, ndiye huyo Madiba, kuna kituo kimoja cha TV, jina silitaji, kilirudia lile tamasha la London la kumpongeza kutimiza miaka 90, lile la Hyde Park la Juni 27, 2008 la kuchangia vita dhidi ya UKIMWI. Wametangaza wiki nzima. Baba yangu mdogo akafunga safari kuja kwangu kuliangalia tu. Huyu mzee alikuwa fundi seremala Mazimbu enzi ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, wanajenga chuo cha Solomon Mahlangu pale Morogoro, kuna milango ya mabweni kaipiga randa kwa mikono yake na vijana waliokimbia kutoka Soweto kule Afrika Kusini anawakumbuka mpaka leo nani alikuwa mpole nani mkorofi.

Sasa sikilizeni. Muziki ukaenda vizuri, sina neno. Madiba akatokea, anatembea taratibu na fimbo yake, mkewe Mama Graça pembeni, umati wote unapiga kelele. Baba mdogo akavuta kiti mpaka karibu aguse skrini, akaniambia ongeza sauti mwanangu. Nashika rimoti naongeza, mzee anafungua mdomo, hata hajafika mbali, paap, tangazo la sabuni ya unga. Likaisha likaja la mikopo. Wanarudi ni gitaa na watu wanarukaruka. Baba mdogo akaniuliza, "Ameshamaliza kuongea?" Nikakosa cha kumjibu.

Na hotuba yenyewe ni fupi jamani, dakika chache tu! Pale ndipo alipowakumbusha watu wa London kwamba miaka 20 nyuma walifanya tamasha la kudai aachiwe na sauti zao zilivuka maji zikawatia moyo wao gerezani, halafu akasema penye umaskini na maradhi na watu kukandamizwa kazi bado ipo, na sasa iko mikononi mwa wengine. Hayo ndo mmeyatoa. Yaani mtu mnayemsherehekea ndo mnamnyamazisha!

Kinachoniuma zaidi ni kwamba si mara ya kwanza. Lile la Wembley la Juni 11, 1988, la miaka 70 yake, mwenyewe akiwa bado mfungwa, Marekani kituo cha Fox kilibadili jina kikaliita Freedomfest na kikafyeka maneno ya kisiasa ya wasanii, yakabaki manyimbo. Wanamuziki wa Afrika Kusini Miriam Makeba na Hugh Masekela walipanda jukwaa lile wakiwa wakimbizi hawawezi kurudi kwao. Sasa ukitoa siasa hapo unabaki na nini? Kumbukeni mwaka mmoja tu kabla yake, 1987, Thatcher, waziri mkuu wa Uingereza, alikuwa ameiita ANC kundi la kigaidi, na Marekani wenyewe hawakuwaondoa Mandela na ANC kwenye orodha yao ya magaidi mpaka Julai 2008, yaani tamasha la Hyde Park limeshapita, mzee anakaribia miaka 90, bado jina lake lilikuwa kule. Kwa hiyo mtu asiniambie eti ni burudani tu.

Hata hilo jina 46664 waliloliita tamasha, ni wangapi walioangalia juzi wanajua kwamba ni namba yake ya ufungwa, mfungwa wa 466 kuingia gereza la kisiwa cha Robben Island mwaka 1964? Mtangazaji wetu aliitaja kama namba ya kutumia meseji, hakueleza chochote. Na kwa nini UKIMWI? Kwa sababu Januari 2005 mzee huyu aliwaita waandishi wa habari nyumbani kwake akatamka wazi kwamba mwanawe Makgatho kafa kwa UKIMWI, wakati familia nyingi zilikuwa zinasema marehemu kaugua kifua. Ile ilikuwa kazi nzito kwa mzazi yeyote. Hamkuwa hata na dakika moja ya kulisema hilo?

Na sisi Watanzania ndo tungetakiwa tuwe wa mwisho kufanya haya. 1962 aliingia hapa kupitia Mbeya bila pasipoti, akafika Dar akaonana na Mwalimu. Wapiganaji wao walikaa Kongwa. Mazimbu kuna makaburi yao mpaka leo, watu walikufa hawajaiona nchi yao huru, na baba mdogo baadhi yao aliwachongea majeneza. Halafu TV ya hapa hapa inamkatisha Mandela kwa ajili ya sabuni!!

Nimepiga simu kituoni mara tatu, ya kwanza wamenipokea wakasema watalifikisha, mbili zilizofuata hazijapokelewa. Ninachotaka ni kimoja, warushe tena hotuba yote bila tangazo katikati, na watangaze mapema saa ngapi. Baba mdogo usiku ule hakusubiri muziki uishe, alichukua koti lake akaenda kulala, na asubuhi akaondoka na basi la kwanza.