Nililia kwa picha ya uongo, sasa hata jirani nashindwa kumwamini

MamaPacha_Nkuhungu:
Habarini za jioni wakuu, niko Nkuhungu hapa Dodoma nina kiduka cha rejareja. Mwezi wa tatu kwenye grupu letu la wazazi WhatsApp ililetwa picha ya mtoto kaungua na uji, na voisi ya mama analia kabisa anasema hospitali wamewazuia mpaka alipe laki tatu na nusu, chini kuna namba ya kutuma. Ile voisi niliisikiliza mara tatu, nikalia dukani wateja wamesimama, nikatoa elfu arobaini ya mzigo wa sukari nikatuma, tena nikaisambaza magrupu mengine manne na kuwasema watu kwamba wana roho ngumu. Baada ya wiki mbili mtoto wa dada yangu akaniambia mama mdogo hii picha iko mtandaoni miaka mingi na wala sio ya huku. Kupiga namba, haipatikani.

Kinachonitesa sio hela. Juzi usiku jirani yangu anayeuza mlenda pale Sabasaba kaja kugonga, mtoto wake kaanguka kwenye mti kavunjika mkono, na mimi badala ya kusikiliza nikajikuta namchunguza uso kama analia kweli. Huyu mama ndiye aliyeniletea uji kila asubuhi nilivyojifungua pacha. Nikampa elfu mbili nikafunga mlango. Tangu hapo silali vizuri. Hivi mtu anabakije na huruma bila kuchezewa?

Mwl_Makole:
Pole sana dada. Usijione mjinga maana hata wabunge wa nchi kubwa wameshachezewa hivyo hivyo. Oktoba 1990 huko Marekani binti wa miaka 15 alitambulishwa kwa jina moja tu, Nayirah, akasimama mbele ya wabunge analia kwamba aliona wanajeshi wa Iraq hospitali ya Kuwait wakitoa vichanga kwenye inkubeta na kuwaacha sakafuni wafe. Dunia nzima ililia, rais Bush yule mkubwa akawa anakirudia kile kisa kwenye hotuba zake, na Januari 1991 mabomu yakaanza. Mwaka 1992 ndio ikajulikana ni binti wa balozi wa Kuwait hapo Marekani, na aliyeandaa ile kampeni ni kampuni ya uhusiano iliyolipwa, na waliokuja kuchunguza hawakupata ushahidi wa kile kisa cha inkubeta.

Ila angalia hapa, Iraq ilivamia Kuwait kweli Agosti 1990 na watu waliuawa kweli. Ule uongo ulipandishwa juu ya msiba wa kweli ndio maana ukabebeka. Na kwako ni hivyo hivyo, watoto wanaoungua na uji wapo, kila mzazi anawajua, tapeli anachofanya ni kukopa uchungu wao.

Sista_wa_Zamu:
Mimi nafanya kazi hospitali ya serikali, naongea kwa ninachokiona. Bili ya hospitali ya serikali inalipwa kwa kontrol namba, haiendi kwenye simu ya mtu. Kwahiyo ukiombwa mchango uliza mgonjwa yuko hospitali gani, wodi ipi, na utumiwe kontrol namba ulipie hukohuko. Mwenye shida ya kweli anakujibu hata kama anachelewa, tapeli anakuongezea kilio. Na kwa asiye na uwezo kabisa kuna afisa ustawi wa jamii palepale hospitali ndio anashughulikia misamaha, wengi hawajui wanaishia kuuza mbuzi. Kumpeleka mtu mpaka mlango wa ustawi na kukaa naye kwenye benchi ni msaada mkubwa kuliko elfu kumi jamani, maana wengi wanaogopa hata kuuliza.

Kijana_wa_UDOM:
Kuna utafiti ulitoka 2007, watu walipewa dola 5 mkononi, wengine wakaonyeshwa mtoto mmoja wa Mali anaitwa Rokia, wengine takwimu za njaa Afrika. Wa Rokia walitoa wastani wa dola 2.38, wa takwimu 1.14. Walioonyeshwa vyote viwili, 1.43. Yaani namba zikikaa pembeni ya Rokia, hata Rokia mwenyewe anapungukiwa. Mimi nilijiona humo. Maporomoko ya Hanang Desemba 2023, wiki ya kwanza tulikusanya nguo na unga tukajaza kirikuu kizima, mwezi uliofuata hakuna aliyeulizia wale watu wa Katesh wanalala wapi, na mimi pia sikuuliza. Siku hizi nachangia kidogo kila mwezi bila kusubiri picha.

Mzee_wa_Bahi:
Mbukwenyi. Mwanangu, sisi Wagogo tuna kitu kuhemea. Mwaka wa njaa mtu anabeba gunia lake tupu anaenda mbali kwa ndugu au rafiki aliyevuna, na ile njaa ya Mtunya ya 1917 mpaka 1920, majeshi ya vita yameshachukua ng'ombe na nafaka na vijana wa kubeba mizigo, halafu mvua ikakata, hakuna nyumba haikuguswa. Sasa mwenye nyumba hakuangalia machozi. Alikukaribisha ukae, ukanywa maji, ndipo anauliza, nyumbani umeacha wangapi, uwele umekauka wote, fulani bado yupo hai? Na mgeni hakuona anadharauliwa, alijibu, akalima siku mbili tatu akaondoka na debe lake. Wewe kosa lako sio kumshuku jirani. Ungemkaribisha ndani akae halafu ukauliza.

MamaPacha_Nkuhungu:
Asanteni, mzee umenigusa sana. Leo nimeenda kwake. Mtoto amefungwa hogo, anatakiwa kurudi Alhamisi kupiga picha nyingine na hela ya boda ya ile usiku bado anadaiwa. Hiyo nimelipa, na Alhamisi nafunga duka twende wote, Sista nitapitia ustawi kama ulivyosema. Nilimuomba msamaha, nikamweleza na ile habari ya voisi. Akanyamaza kidogo, akasema hata yeye alitumiwa ile voisi, na alituma elfu moja.