MJADALA: Picha za vita vya uhuru vya Ugiriki, zibaki kwenye vitabu vya historia vya shule?

Mleta mada:

Wakuu, habari za wakati huu. Kila tarehe 25 Machi Wagiriki huadhimisha kuanza kwa vita vya 1821 vya kujikomboa kutoka kwa Waosmani (dola ya Kituruki iliyowatawala), na kuna picha mbili ambazo hazikosekani. Moja ni ya Theodoros Vryzakis, ya mwaka 1865: Askofu Germanos wa Patras ameinua bendera katika monasteri ya Agia Lavra, wapiganaji wamemzunguka wakila kiapo. Nyingine ni Shule ya Siri ya Nikolaos Gyzis, ya miaka ya 1880: kasisi mzee anawafundisha watoto kwa kificho. Hiyo ya pili ilifika hadi kwenye noti ya drakma 200.

Wanahistoria wengi wanasema mambo hayo mawili hayana ushahidi. Germanos aliandika kumbukumbu zake mwenyewe, na tukio la kuinua bendera hakuligusia. Tena mji wa Kalamata ulikuwa umeshatwaliwa na Wagiriki tarehe 23 Machi, kabla ya siku hiyo inayoadhimishwa. Na shule za Kigiriki zilifundisha waziwazi chini ya Waosmani, pale Ioannina, Chios, Smyrna. Lakini kitabu cha historia cha darasa la sita kilipoiacha hadithi ya shule ya siri, pamoja na mambo mengine yaliyowaudhi watu, kelele zilikuwa kubwa mpaka kikaondolewa mwaka 2007.

Msimamo wangu: picha hizo zibaki makumbusho, ziheshimiwe, lakini kwenye kitabu cha historia zisiwekwe kama ushahidi. Nafasi yao wapewe Makriyannis na Zografos.

Kwa wasiowajua: Jenerali Makriyannis alipigana vita vile, na mwaka 1825 alijeruhiwa mkono pale Myloi akipambana na jeshi la Ibrahim Pasha wa Misri, lililowasaidia Waosmani. Vita vilipokwisha alitaka vichorwe. Kwanza alimwajiri mchoraji wa kigeni, wakawa hawaelewani lugha, na picha chache alizotoa hazikumridhisha. Akamlipa, akamruhusu aende zake. Ndipo akamchukua Panagiotis Zografos, mtu wa upande wa Sparta, naye pia alikuwa amepigana. Jenerali akawa anampeleka mahali penyewe na kumwonyesha: sisi tulikuwa hapa, wao walikuwa kule. Kazi ikaanza 1836, ikaisha 1839.

Zitazameni picha zile. Uwanja mzima unauona kama umesimama juu ya mlima: kuta, meli, mistari ya moshi wa mizinga, askari wadogo wadogo wamepangwa kikosi kwa kikosi. Kila mahali pana namba, na chini pameandikwa namba ipi ni nani na alifanya nini. Hakuna shujaa mmoja anayejaza turubai. Makriyannis alitengenezesha seti nne, moja akampa Otto, mfalme wa Ugiriki baada ya vita, na nyingine zikaenda kwa Uingereza, Ufaransa na Urusi, zile dola tatu zilizoziteketeza meli za Waosmani na Wamisri pale Navarino mwaka 1827. Maana yake alitaka dunia ipate maelezo kutoka kwa waliokuwepo.

Wakati huohuo, ikulu ilikuwa na picha zake. Otto alikuwa mtoto wa mfalme wa Bavaria, Ujerumani ya leo, na baba yake ndiye aliyemwagiza mchoraji Peter von Hess achore vita vya Wagiriki. Wachoraji vijana wa Ugiriki, Vryzakis na Gyzis wakiwemo, wakaenda kusoma Munich, mji mkuu wa Bavaria, na namna ile ya kuchora ndiyo ikawa sura rasmi ya uhuru.

Karibuni tujadili.

Mchangiaji:

Mkuu, mada nzuri, ila kwa Vryzakis umekaza sana. Baba yake alinyongwa na Waosmani mwaka 1821, yeye akalelewa kituo cha yatima. Leo unamweka kundi moja na wachoraji wa ikulu? Taifa changa lilikuwa linahitaji kitu cha kuwaunganisha watu wa visiwani na wa milimani, na picha ile ilifanya kazi hiyo.

Mleta mada:

Mkuu, uchungu wake siupingi hata kidogo. Ninachopinga ni mwalimu kumwambia mtoto "ndivyo ilivyokuwa" huku akimwonyesha kitu kilichochorwa miaka 44 baadaye. Mtoto akikua akagundua, ataanza kutilia shaka hata yale ya kweli, na ya kweli yapo mengi na ni mazito.

Gyzis huyohuyo, karibu na mwisho wa maisha yake, alichora watu waliookoka baada ya kisiwa cha Psara kuangamizwa mwaka 1824. Maangamizi yale yalitokea kweli. Kwa nini hiyo isitangulie?

Halafu kuna jambo ambalo sura ile rasmi inalikwepa. Mji wa Tripolitsa ulipotwaliwa na Wagiriki kutoka kwa Waosmani mwaka 1821, Waislamu na Wayahudi wa mji ule waliuawa kwa maelfu, wanawake na watoto wamo. Kolokotronis, kamanda mwenyewe wa Wagiriki, alisimulia kwamba kutoka ukutani hadi ikulu farasi wake hakukanyaga ardhi, yaani kwa wingi wa maiti. Kamanda alikuwa na ujasiri wa kulisema hilo. Kama kitabu cha shule kina ukurasa mzima wa bendera ya Agia Lavra, kiwe na ukurasa wa maneno hayo pia. Anayeona nimekosea alete hoja, nipo.